Gari la Safu Tatu

Bakarani, 9 Juni 2025

Mama mdogo Mwanarehema,

Shikamoo. Natumai miguu imepungua kuvimba na mdogo wangu Jalila hakuachi ukapika peke yako. Kwangu tu wazima. Mama naye anaendelea na eda yake hapa nyumbani, anakusalimu. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa Jalila barua hii. Kuja mwenyewe sikuona vyema, kwa kuwa uko edani.

Nimeamua kununua gari la safu tatu za viti. Jipya kabisa, si lile lililotumika Japani. Nimeuliza bei: milioni saba na laki sita. Kianzio ni milioni mbili na laki tatu, salio ni la benki kwa miaka mitano, kama laki moja na elfu thelathini kila mwezi. Bima iko kando. Kianzio nitakipata nikiuza kiwanja cha Utange alichonipa Baba.

Siku mtakapotoka eda, inshallah, twende Likoni, alikozikwa Baba, kwenye khitma yake katika gari moja: wewe, Jalila, mama, mke wangu na watoto wangu watatu. Saba kamili, asiachwe mtu. Wewe utakaa mbele.

Mwanao,
Rashad

Magogoni, 13 Juni 2025

Mwanangu Rashad,

Marahaba. Miguu yangu haijambo, ni magoti sasa. Wasalimie watoto, na mamako mpe pole yangu. Tumefiwa na mume mmoja.

Kwanza, hilo la eda. Mimi ni mke wa babako, wewe ni mahram wangu mpaka nife, eda haikuzuii kuniona. Mjomba wa Jalila huja, muuza maziwa hubisha hodi, wewe tu ndiye umeona haya. Usijifiche nyuma ya eda yangu.

Pili, gari. Jalila kacheka mpaka kamwaga chai. Gari lina viti saba, nawe umetaja abiria saba. Ataendesha nani, benki? Na dereva tu wanane. Mara hii ni nani utakayemwambia, "Subiri, narudi kukuchukua"?

Nilisubiri, Rashad, siku ile ya maziko. Nilikaa kibarazani na buibui langu, mkoba mapajani, kila honi nikiinuka. Jirani akaniambia, "Bi Mwanarehema, panda tuktuk uende." Nikamwambia mwanangu kasema anarudi. Nilipofika Likoni jeneza lilikuwa limeshatoka. Wanawake wakanishika mikono. Miaka ishirini na mbili nimemwandalia yule mtu kahawa ya alfajiri, na uso wake sikuuona.

Kiwanja usiuze. Babako alikifyeka kwa mkono wake.

Mamako mdogo,
Mwanarehema

Bakarani, 28 Julai 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu. Jalila ameniambia homa ilikushika ukalala wiki nzima. Pole sana mama. Nilimpa dawa akuletee nikamwomba asiseme zimetoka kwa nani.

Juzi mnunuzi wa kiwanja alikuja na wakili wake. Nikakaa nao, kalamu mkononi. Akaniuliza, "Mbona unauza mahali pazuri hivi?" Nikasema nataka gari la kuitosha familia. Akasema, "Kwani lililopo lina kasoro gani?" Nikaiweka kalamu chini.

Gari langu halikuwa na kasoro siku ile. Kweli lilijaa, na kweli foleni ya feri ilikuwa ndefu. Lakini si feri iliyokunyima uso wa Baba. Walipotaka kumfunika uso, imamu alitoka uani akauliza, "Yuko anayesubiriwa?" Watu wote wakanitazama mimi, mtoto mkubwa. Mama alikuwa analia kwa sauti. Nikawaza ukiingia pale, nyinyi wawili mbele ya watu, itakuwaje. Nikajibu, "Hakuna."

Nilisema neno hilo moja tu. Kisha wakamfunika.

Nilidhani nikilipa bei kubwa kiasi cha kuniumiza kila mwezi, nitapata usingizi. Sistahili kuomba jambo. Ukitaka niwaambie watu siku ya khitma, mbele yao wote, nitasema.

Mwanao, kama bado,
Rashad

Magogoni, 29 Julai 2025

Rashad,

Salamu zako zimefika. Dawa nilijua ni zako, nani mwingine angeandika saa za kumeza kwa wino mwekundu?

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaenda kuswali, nikarudi kuisoma tena. Siwezi kukwambia haikuniuma. Imeniuma kuliko kusubiri. Mbele ya watu usiseme, mamako hana kosa, na watu watamsema yeye.

Bali kuna jambo moja ukitaka niwe radhi nawe, nalo halina kianzio wala benki. Wewe ulikuwepo. Ulimwona kabla hawajamfunika. Njoo leo, baada ya alasiri, kwa miguu, si mbali. Ukae hapa kibarazani unieleze uso wake ulikuwaje. Kama ndevu zake zilichanwa vizuri. Kama lile kunyanzi la kati ya macho, ambalo hata usingizini halikumtoka, lilikuwa limekunjuka.

Usiruke chochote hata kidogo. Nimeshamwambia Jalila atandike mkeka.

Mamako mdogo