Nafasi ya Mjomba Kwenye Faiba

Mpendwa Shangazi Gladys,

Naomba msaada wako na nakuomba usichapishe jina langu, maana Embu ni mji mdogo na sisi wa mtaa wa Dallas tunajuana mpaka kwa rangi ya mageti. Nina miaka thelathini na miwili, nafanya kazi kwenye kampuni ya faiba, ile inayotoka hapa Embu ikapita Chuka na Meru mjini mpaka Muthara, na kazi yangu si kuchimba mitaro, kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta na kugawa nafasi, kwa sababu ule uzi wa kioo hupitisha mwanga, na mwanga huo tumeugawa vipande vipande vilivyopangwa kwa mstari, mteja mdogo anachukua viwili, mkubwa anachukua sita, lakini sharti ni kwamba vipande vya mteja mmoja vifuatane bila mtu mwingine kuingia katikati, na viwe ni vilevile tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, huwezi kumpa vitatu hapa na vitatu kule ukasema jumla imefika.

Sasa Shangazi, miaka mitatu iliyopita mjomba wangu, tumwite Abdi ingawa si jina lake, alinijia akasema anataka kuwauzia wanafunzi wa chuo cha pale Nchiru intaneti kwenye mahosteli, akaniambia, "Mwanangu, niwekee hiyo nafasi isichukuliwe, nikimaliza kujipanga nakuja." Huyu mjomba ndiye aliyenilea baba alipofariki, amenisomesha kwa bucha yake hapa mjini, na bucha hiyo inajulikana kwa jambo moja, kwamba ukimpigia simu asubuhi anakukatia nyama unayotaka, anaitundika na karatasi yenye jina lako, na hakuna atakayeigusa mpaka adhana ya alasiri, ikishaadhiniwa anabandua karatasi na kuuza, hata kama wewe ni chifu. Mtu aliyenilea hivyo ningemnyima nini? Nikamwekea vipande viwili, nikaandika kwenye kompyuta kwamba ni vya majaribio, na kila mwaka wakija kukagua naandika tena majaribio, na mjomba mpaka leo hajafungua chochote, nikimuuliza ananiambia, "Bado kidogo tu, tuko njiani."

Mwezi uliopita likaja shirika linalounganisha hospitali na zahanati za Tigania, wanataka vipande sita vinavyofuatana, ili pamoja na mambo yao mengine picha za eksirei zipigwe Muthara na zisomwe papo hapo na daktari bingwa aliye Embu. Bosi wetu, Bwana Muriuki, akaangalia akasema, "Hii line imejaa. Waambie wangoje mwaka ujao tukileta mashine mpya." Shangazi, haijajaa. Nafasi ziko tele lakini zimetawanyika, kwa sababu miaka yote hii nimekuwa nikiwapa wateja wadogo mahali popote wanapopenda, na sasa mahali pekee pa kupata sita mfululizo ni pale alipokaa mjomba, ukimtoa yeye na ukimsogeza mzee mmoja wa hosteli za Nchiru anayeitwa Kailemia.

Nilinyamaza. Halafu Jumanne muuguzi wa Muthara, Sista Caroline, akaja ofisini mwenyewe na vumbi mpaka kwenye kope, akaniambia, "Madam, si mtufikirie hata kidogo? Juzi tulikuwa na mzee ameanguka kwa mti wa miraa. Picha tumepiga, wa kuisoma hakuna, ikabidi tumpeleke Meru na pickup. Daktari wa huko akatuuliza ni nani aliruhusu huyu mtu atingishwe hivyo barabarani." Nikamuuliza anaendeleaje. Akasema, "Miguu haisikii." Nikamwambia pole sana, nikamwambia line imejaa. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, Shangazi, na kompyuta iko mbele yangu.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Nikisema ukweli naweza kufukuzwa, na mjomba ataniambia ule msemo wake, mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Nimefikiria nivifute vile vipande kimyakimya, nijifanye nimegundua nafasi, mambo yaishe. Je, nifanye hivyo? Nisaidie, nimekwama.

Mimi niliyebanwa,
Dallas, Embu

SHANGAZI GLADYS ANAJIBU

Binti yangu, pole. Mimi hiyo faiba naijua tu inapokatika, lakini barua yako nimeisoma mara tatu na imenikalia moyoni. Huna roho mbaya. Mwenye roho mbaya angeshiba.

Sasa nikugombeze kidogo. Umekuwa mkarimu kwa kitu kisicho chako. Kumlipa mjomba fadhila ni jambo jema, mlipe kwa mkono wako na kwa jasho lako, si kwa nafasi ya watu wa Muthara. Vipande viwili vimekaa miaka mitatu bila hata salamu moja kupita ndani yake! Hata kiti cha harusini ukiwekea mtu mkoba, mwali akishaingia unauondoa, mwenye kusimama akae.

Mzee wa miraa hakuangushwa na wewe, na hata nafasi ile ingekuwa wazi siku hiyo, shirika lingekuwa bado linafunga mitambo. Usijibebeshe huyo. Lakini kuna mwingine atakayeanguka mwaka huu, maana miraa haichumwi ukiwa umekaa chini, na huyo ndiye mgonjwa wako. Siku mnazomwambia Caroline angoje, ni huyo mnayemwambia.

Unaniuliza ufute kimyakimya. Hapana. Muriuki ameshawaambia watu line imejaa, na nafasi zikichipuka ghafla kama uyoga, atataka kujua zilikuwa wapi. Kompyuta zinaandika kila mnachofanya, wewe unajua hilo kuliko mimi. Ukikamatwa unaficha mara ya pili, hakuna atakayeamini kwamba mara ya kwanza ilikuwa huruma. Mficha uchi hazai, binti.

Nenda kwa Muriuki mwenyewe wiki hii, mlango ukiwa umefungwa. Usiende na machozi peke yake, nenda na karatasi uliyochora mstari wote, uoneshe sita zitapatikana wapi na nani atasogezwa. Mwambie, "Hapa nilikosea, na hivi ndivyo panavyorekebishika." Anaweza kukupa barua ya onyo. Anaweza kukufukuza, sitakudanganya. Lakini bosi mwenye akili akiona mtu amemletea kosa na dawa yake kwa mkono mmoja, hufikiri mara mbili. Mzee Kailemia mpigie kabla hujamgusa, umweleze atakatika kwa dakika chache. Fanya Jumapili asubuhi wakati wanafunzi wako kanisani, au angalau wamelala wakijifanya wako kanisani. Kisha Caroline. Huyo mtafute mwenyewe umwambie haikuwa imejaa. Akikukasirikia, mwache akasirike, ana haki.

Halafu jifunze kugawa, maana kosa lako la pili ni kubwa kama la kwanza na umelipitia haraka haraka. Umekulia kwenye bucha. Umewahi kumwona mjomba akikata katikati ya paja kwa ajili ya mtu wa robo kilo? Anaanzia pembeni, wadogo wote wanakatiwa upande huo huo, ili mwenye harusi akija alikute paja zima. Wewe umechomoa vipande katikati kila mtu alipopapenda, ndiyo sababu nyama iko nyingi na paja halipo. Kuanzia sasa wadogo wapange upande mmoja.

Nimemweka mjomba mwisho lakini yeye ndiye wa kwanza kumwendea, kabla hata ya Muriuki. Usimpigie simu. Nenda buchani mwenyewe, mchana, na usianze na faiba wala fadhila. Umeniandikia jibu lako ndani ya barua yako na hukuliona. Inua macho pale anapotundika nyama, umuulize hivi: "Mjomba, alasiri imeshaadhiniwa, nyama yenye jina la mtu bado imening'inia, mwenyewe hajaja, na nje amesimama mtu mwenye mgonjwa nyumbani anataka mfupa wa supu. Unamwambia imeisha?"

Kisha nyamaza, umwache ajibu mwenyewe. Akishajibu, mwambie alasiri yake ilipita miaka miwili iliyopita, ukaguzi wa kwanza ulipofika, na wewe ndiye uliyesahau kubandua karatasi.