Bibi Hakuua Mtu

Baba Kulwa,

Usishtuke, ni mimi mkeo, na mwandiko ni wangu. Lile darasa la watu wazima ulilokuwa unalicheka nimelimaliza.

Juzi gari la sinema limerudi hapa Samuye, tena na ile filamu yetu kuukuu, ya matajiri wanaouawa kwa sumu mmoja mmoja ndani ya jumba lao. Ghala la pamba lilijaa, madirisha yamezibwa kwa magunia kama mwaka ule. Ila safari hii mtafsiri alikuwa mwalimu mgeni, kijana mwenye Kiingereza cha shule, si kile chako cha jikoni kwa Mzungu wa Songwa. Nikajua tumekwisha.

Unakumbuka ulivyotafsiri? Mama yangu alikaa mbele kabisa, na mkwe hawezi kumkabili mama mkwe, basi ukajificha nyuma ya shuka la sinema. Watu wakasikia shuka linaongea! Na wakati ule ndama walikuwa wanakufa, watu wameanza kunong'ona kwamba Mama ni mchawi, eti ana macho mekundu, kumbe ni moshi wa kuni tu. Filamu ilipofika mwisho, shuka likatangaza: muuaji ni mpwa, yule mwenye suti. Na polisi walipomshika mkono bibi kizee wa lile jumba, ukasema wanamsindikiza akapumzike.

Nyumbani, unakula ugali, ukaniambia kweli: aliyeua ni bibi. Nikakuita mwongo. Ukasema, "Ulitaka nimtaje bibi, na mama yako yuko pale mbele?" Nikakuongezea mboga tu. Sikukushukuru, na hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu siku ile, mpwa akija Samuye na suti anaonjeshwa chai yeye kwanza. Wa Mzee Masanja sasa analivua koti njiani, anaingia kwa mjomba na fulana.

Basi juzi mwalimu akafika mwisho, akapaza sauti: "Muuaji ni bibi!" Nikamkamata Mama mkono. Mara Mzee Masanja akasimama. "Mwalimu, Kiingereza hujui! Bibi anapelekwa kupumzika. Baba Kulwa alishatueleza." Wakamzomea mtoto wa watu mpaka akaomba radhi, akasema labda amekosea yeye. Na Mama, ambaye hajawahi kukutaja hata mara moja, akasema mbele ya watu wote, "Mkwe wangu alikuwa na akili." Nikacheka, halafu nikalia, nikajifunika uso na kanga.

Asante, mume wangu. Ya siku ile na ya juzi. Nilichelewa kuisema.

Siri yetu haitatoka kinywani mwangu, nakuahidi, hata Kulwa sitamwambia. Pumzika sasa. Mama mzima, anakusalimu sana. Akitangulia kuja huko kabla yangu, mpokee vizuri, na usiende kujificha nyuma ya shuka. Anataka kukuona.

Mkeo,
Mama Kulwa