Aliyeshika Kisu

Jumapili, Karurumo. Ukungu ulishuka alfajiri na mpaka sasa haujafikiria kuondoka. Siku nzima nimetembea kama mtu ambaye hajaamka vizuri.

Baada ya misa, sisi wa kamati ya haki na amani tulibaki kwa semina. Mtawa aliyetufundisha alituambia habari za mwanafalsafa mmoja wa Magharibi. Eti tujifikirie tuko nyuma ya pazia, hakuna anayejua atazaliwa tajiri au maskini, kisha tutunge sheria. Itakayotoka hapo ndiyo ya haki.

Nilisinzia kidogo, nakiri. Nyuma ya pazia hilo nikamwona marehemu mama jikoni, nduma moja ya moto kwenye sinia, mimi na mdogo wangu Njeru tumekodoa macho. Sheria ya mama ilikuwa moja: mmoja akate, mwenzake achague kwanza. Tulikata kwa makini kuliko daktari wa upasuaji.

Nikatabasamu. Kumbe mama alikuwa mwanafalsafa na hakuna aliyemwambia.

Halafu tabasamu likaniisha.

Baba alipofariki, mimi mkubwa ndiye niliyeshika kamba ya kugawa shamba. Nikakata, na nikachagua kwanza. Nikachukua upande wa mtoni, unaofaa nduma. Njeru akabaki na wa juu, kwenye mawe. Kila Jumapili tunapopeana amani kanisani hunipa mkono wake, nami nikadhani yamekwisha.

Mtawa akaendelea kwamba, kwa mafundisho ya Kanisa, watu kutogombana tu hakutoshi kuitwa amani kama haki haipo. Niliona aibu, nikajifanya naandika.

Jumatano mpimaji anakuja kuweka mawe ya mpaka, kisha hati zitoke. Baada ya hapo itakuwa vigumu kurudi nyuma.

Semina ilipoisha nikapanda kwa Njeru na viatu vya kanisa, tope hadi vifundoni. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yalipotelea njiani.

“Njeru, mimi ndio nilikata,” nikamwambia. “Sasa chagua wewe.”

Alikuwa akichambua maharagwe. Akatupa bovu moja pembeni.

“Kumbe ulikuwa unakumbuka.”

Hajasema atachukua upande upi. Ameomba nimpe mpaka Jumatano. Nimekaa mlangoni kwangu natazama nduma zangu, majani yamebeba matone ya ukungu. Nazipenda, sitadanganya, na naogopa kuzipoteza.

Jumapili ijayo Njeru atanipa mkono tena. Je, nitatambua kama ni wa amani ya kweli?