Mustari Ng'ambo ya Lukuga

Kalemie, 10 Machi 2025

Kwako mwipwa wangu Éliane,

Mwili kwanza, kazi itafuata. Unalala? Unakula? Mama Rosine anauliza kama huko Lubumbashi wanakulisha bukari au wanakulisha karatasi. Sisi tuko. Homa ilipita kwa watoto ikaondoka, na goti langu linatabiri mvua kuliko redio.

Usicheke kwamba ninaandika barua ndani ya simu, na tarehe juu. Mafrères wa misioni ya Mpala walinifundisha hivyo kwa fimbo. Tena nikikutumia sauti unaisikiliza nusu, ninakujua.

Sasa hizi piki za umeme za kampuni yenu. Mbili za kujaribu zimefika, moja yangu, moja ya Papa Chérubin, mukubwa wetu wa parkingi ya bandarini. Unataka kujua madereva wanapenda nini na wanachukia nini, ili umupelekee shefu wako. Basi andika. Tunapenda kwamba hainywi esansi. Tunapenda inavyopanda kilima kama mbuzi. Papa Chérubin anasema tangu aipate mugongo wake umerudi ujana, na mimi namuambia ni mugongo tu, uso umebaki pale pale. Amefunga kipande cha kitenge cha Mama Domitille, muke wake, kwenye usukani, anaipangusa kuliko miwani yake.

Tunachukia kiti. Aliyekipima hajawahi kumuona mama wa soko na beseni lake la ndagala. Tunachukia kimya. Watu hawatoki njiani. Juzi nilimugusa katekista na gurudumu la mbele, akasema nimemujia kama mwizi. Mutupatie kelele kidogo, hata ya uongo. Na yule mama anayesema Kifaransa ndani ya mashine, "Punguza mwendo, bwana", mumunyamazishe. Ninaye mumoja nyumbani, ananitosha.

Ile rimorki ndogo ya kuvuta mizigo nyuma, hiyo mulifikiri vizuri. Ongezeni.

Mimi mujomba wako,
Germain


Lubumbashi, 27 Machi 2025

Kwako Mujomba,

Goti linasema nini? Mimi ni muzima, ninakula bukari, mwambie Mama Rosine atulize roho. Barua yako niliisoma bironi, nikacheka peke yangu mpaka Shefu Aristote akauliza kama ninaumwa. Kiti nimekiandika. Kelele ya uongo wanaitafuta. Yule mama wa Kifaransa, nitajaribu.

Kuna jambo moja, usikasirike. Kuanzia leo shefu amechora mustari kwenye ramani, unazunguka muji wenu wote. Piki ya umeme ikiupita inazimwa kutoka huku, ili betri isiwaishie porini na wezi wasiitoroshe. Upande wa barabara yenu unapita kidogo tu ng'ambo ya daraja la Lukuga. Nilisema tuwaulize madereva kwanza. Nikajibiwa tutawauliza baadaye.

Mujomba, mukisema ndiyo kwa piki hizi, mwezi wa sita mimi njo nitaletwa Kalemie kufungua biro ya kampuni. Nitalala tena nyumbani. Kwa hiyo tia ulimi wako breki kidogo, tafadhali.

Na mwambie Papa Chérubin asivuke daraja.

Mwipwa wako,
Éliane


Kalemie, 1 Aprili 2025

Kwako mwipwa,

Leo sianzi na habari ya mwili, utanisamehe. Barua yako nimeisoma jana. Simu yangu ilikuwa imezima tangu usiku ule moyo wa Papa Chérubin uliposimama, akiwa ameinama kufungua viatu. Kwenye matanga nani anatafuta pa kuchaji simu.

Tulimuzika Jumamosi. Unajua desturi yetu: dereva akifa, wenzake wanamusindikiza kwa kelele ya injini, muji mzima usikie. Mama Domitille akaomba mume wake avutwe na piki yake mwenyewe, ile ya umeme, sanduku juu ya rimorki. Mimi njo niliiendesha, na tumbo hili, ndani ya koti langu la harusi. Nyuma yangu piki za esansi zinalia. Tukavuka daraja. Tukapanda kidogo. Karibu na jiwe moja kubwa piki ikasimama.

Éliane, injini zote nyuma zikanyamaza, moja moja. Nilibonyeza kila kitu cha kubonyezwa. Kioo kilikuwa cheusi. Wewe ni mutoto wa huku, unajua wazee wanavyosema: maiti ikisimama njiani, inakataa kwenda mpaka imuonyeshe aliyeiua. Prospère, mudogo wa marehemu, alikuwa ametoka Kongolo na macho mekundu. Akaweka mukono juu ya sanduku akauliza, "Kaka, nani?" Na jamaa yote ikageuka kumutazama Mama Domitille, kwa sababu yeye njo alimupikia.

Tulilibeba sanduku kwa mabega mpaka kaburini. Jioni walimunyang'anya mujane ufunguo wa nyumba. Sasa analala kwetu, watoto wako na Prospère, kwa jamaa wengine wa huku. Baada ya Pasaka jamaa itakaa kikao, na wanasema wazi: arudi kwao Mpala, peke yake, na jina la mulozi mugongoni.

Jana, nilipomaliza kukusoma, nilikimbia kwa Prospère. Mimi, kukimbia! Nikamueleza habari ya mustari. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, "Unasema kuna muntu Lubumbashi anaweza kusimamisha piki ya Kalemie bila kuigusa?"

Nikasema ndiyo.

"Halafu unaniambia huo si ulozi?"

Swali hilo nimekuletea wewe. Una jibu? Mimi nimesimamishwa na polisi, na matope, na ng'ombe wa watu. Wote hao niliwaona kwa macho, na niliwatukana. Huyu wa kwenu nimutukane wapi? Mwambie shefu wako afute mustari wake. Hatumuombi, tunamuambia.

Mujomba wako,
Germain


Lubumbashi, 12 Aprili 2025

Kwako Mujomba, na kwako Mama Domitille,

Siulizi kama mumelala, najua hamukulala. Nami sikulala. Papa Chérubin alinibeba shuleni bure wakati wote wa masika, unakumbuka, na mimi njo nilimutumia ile piki.

Nimepigana. Kwenye mukutano nilisimama nikataja jina lake. Shefu Aristote akasema yeye hajui mambo ya ulozi, anajua mambo ya betri. Nikamuambia dereva anajua betri yake itamufikisha wapi, hahitaji kamba shingoni. Siku mbili hakunisalimia. Mwishowe amechoka na mimi, na tangu asubuhi ya leo mustari umefutwa. Piteni popote.

Mwipwa wako,
Éliane


Kalemie, 13 Aprili 2025

Kwako mwipwa,

Asante, na ole wangu, barua yako niliisoma jana jioni. Keti chini kabla ya kusoma.

Huyu mujomba wako mwenye akili alikuomba ufute mustari. Kisha, bila kukuambia, akaita jamaa yote ya marehemu jana saa tisa, waje kuona kwamba piki inasimama pale hata bila maiti. Muntu anaomba mulango ung'olewe, halafu anaalika watu waje kuona ulivyofungwa. Hiyo njo akili ninayotumia kuendesha watu barabarani.

Nilipakia mufuko wa simenti ya Kabimba juu ya rimorki ile ile, piki ile ile. Nikavuka daraja kwa kifua mbele. Nikapanda. Nikapita pale. Nikafika kaburini! Piki ilikwenda kama mutoto aliyetumwa sukari.

Nilipogeuka, hakuna aliyecheka. Prospère akasema, "Basi kwa simenti inapita. Kwa kaka yangu ilikataa." Mama Domitille alikuwa nyuma, amesimama peke yake. Watu walikuwa wamemuachia nafasi pande zote, kama moto.

Sasa nimemuharibia kuliko mwanzo. Éliane, urudishe mustari. Siku moja tu. Jumamosi baada ya Pasaka, kesho yake kikao kinakaa.

Najua nilikuambia ufute. Nitukane ukitaka, lakini baadaye.

Mujomba wako,
Germain


Lubumbashi, 22 Aprili 2025

Kwako Mujomba,

Pasaka yenu iliendaje? Yangu ilipita nikitazama ukuta.

Nilimuomba shefu. Alikataa, na akaongeza: tusiseme tena mbele ya wateja kwamba kampuni inaweza kuzima piki. Anasema neno hilo linaogopesha watu. Nikamuuliza kama ni neno au ni kitu chenyewe. Akaniambia nirudi mezani kwangu.

Nimerudi. Meza yangu ina mashine, na mashine inafika Kalemie.

Kwa hiyo sikia. Jumamosi saa tisa. Usiendeshe wewe, watasema umebonyeza kitu. Muache Prospère mwenyewe akamate usukani, na umupe namba yangu. Ikisimama, anipigie. Mama Domitille awe mbele, si nyuma.

Na biro ya mwezi wa sita, usiitaje. Nimeipima na ufunguo wa nyumba ya Mama Domitille, nikaona ni nyepesi.

Mwipwa wako,
Éliane


Kalemie, 27 Aprili 2025

Kwako mwipwa wangu,

Leo ninakuuliza yote: mwili, usingizi, chakula, na kama bado unaye shefu.

Prospère hakutaka kuja. Nilimuambia, "Papa Prospère, unaogopa mufuko wa simenti?" Akaja. Akapanda piki ya kaka yake, mufuko ule ule wa simenti juu ya rimorki, akashika usukani pale penye kitenge. Mimi nilibaki upande huu wa daraja, mikono yangu juu ya kichwa kama muntu aliyekamatwa, wote waone sibonyezi kitu. Watoto wa shule walidhani kweli nimekamatwa, wakafurahi sana.

Alivuka. Akapanda. Piki ikasimama pale pale, karibu na lile jiwe.

Tukakimbia wote. Akakupigia na simu ikawa kwa sauti kubwa, kwa hiyo tulisikia kila kitu, lakini wacha nikukumbushe, kwa sababu mimi sitasahau. Akauliza, "Wewe nani?" Ukasema, "Mimi Éliane, mutoto wa dada ya Germain. Mimi njo nimeizima." Akasema, "Iwashe." Kioo kikawaka. Akasema, "Izime." Kikafa. Akarudia tena na tena, kama mutoto na taa mupya, mpaka sauti yake ikabadilika. Akashuka, akaketi juu ya simenti.

"Basi hakukataa," akasema. "Kaka yangu alikuwa anakwenda."

Nilitaka kumuchukia muntu yule, nikashindwa.

Mama Domitille akasogea mpaka mbele ya Prospère. "Na mufuko huu, shemeji, mimi niliupikia nini?"

Muntu mumoja akacheka, kisha wote, hata wale wazee wa Kongolo. Prospère akatoa ufunguo kwenye koti, akaunyoosha. Mama Domitille hakuupokea. "Wewe njo ulifunga," akamuambia. "Wewe njo utafungua." Na alikwenda kufungua, jamaa yote ikimufuata nyuma, muji ukitazama. Watoto walilala kwa mama yao jana.

Leo kikao kilikaa bila kesi. Walikunywa chai.

Sasa jibu letu, limetoka kwa parkingi nzima, uliandike vile vile. Piki ya umeme tunaitaka. Tunataka kiti kirefu, rimorki, na kelele kidogo. Yule mama wa Kifaransa tunaweza kumuvumilia, tumemuzoea. Lakini mukono wa kuizima kutoka mbali, hapana. Muntu anayesimamisha piki awe juu yake, au asimame mbele yake barabarani tumuone uso. Kama shefu hawezi kuikata kamba hiyo, aje kuchukua vyuma vyake. Tutavisukuma kwa mikono mpaka kwenye mustari wake na kuviacha pale. Ramani anayo.

Hujajibu simu tangu jana. Mama Rosine anasema umelala tu. Mimi ninajifanya ninamuamini.

Mujomba wako,
Germain


Lubumbashi, 9 Mei 2025

Kwako Mujomba,

Mwambie Mama Rosine nilikuwa ninaandika ripoti, ndiyo maana kimya. Mwili ni muzima. Usingizi umerudi.

Waliniita Jumatatu. Shefu Aristote akauliza nani alirudisha mustari. Alidhani nitasema mashine iliharibika; hata alinifungulia mulango huo kwa upole, akasema, "Mashine zinaharibika, si ni kweli?" Nikasema mashine haina ubaya, ni mimi. Akataka niandike barua ya kuomba radhi. Nilimupelekea jibu lenu, neno kwa neno, hata lile la vyuma vyake na ramani. Chini nilitia sahihi yangu.

Kwa hiyo mwezi wa sita sifungui biro. Ninakuja na sanduku langu la nguo, mwezi huu. Treni ikifika itafika. Nitafutieni kazi, hata ya kupima viti.

Kabla hawajanifungia mashine, nilikuwa na dakika za kutosha kwa jambo moja. Mashine ya huku haiioni tena piki ya Papa Chérubin. Hakuna atakayeizima, wala shefu, wala mimi. Kama kampuni inaitaka, itume muntu, abishe hodi, amuangalie Mama Domitille machoni amuombe.

Betri haifiki Mpala, hapo tusidanganyane. Lakini siku Mama Domitille akitaka kwenda kwao kuwasalimia, uchukue betri ya piki yako iwe ya akiba, uiweke kwenye rimorki ya piki ya mume wake, umupeleke. Mukifika lile jiwe ng'ambo ya daraja, usisimame.

Mwipwa wako,
Éliane