Sista Hodi, Mlango wa Wodi Bado Hauna Komeo

Mwaka umetimia, wifi, tangu ututoke, na hasira yetu haijapoa hata kidogo. Kalamu nimeishika mimi, kwa sababu mumeo, kaka yangu, kila akianza kuandika machozi yanamtangulia.

Nyumbani tulikujua kwa maharage yasiyo na chumvi na kwa kuimba nyimbo usizozijua maneno. Kazini walikuita Sista Hodi. Wodi yenu ya waliopigwa, waliochomwa visu na waliovamiwa majumbani ilitenganishwa kwa mapazia tu, na wewe kwenye kila pazia ulibisha hodi, ukasubiri kukaribishwa. Wenzako wakakucheka: "Tangu lini mtu akabisha hodi kwenye pazia?" Ukawajibu, "Huyu juzi kavunjiwa mlango. Leo na mimi nimvamie?"

Hukumgusa mgonjwa kabla ya kumwambia unataka kumshika wapi na kwa nini. Akisema subiri, ulisubiri. Na yule mama aliyelala sakafuni kando ya kitanda cha binti yake, ulimvutia kiti ukamuuliza, "Na wewe mama, umekula? Anayeuguza naye anaumwa." Alikuja msibani kutupa pole. Alilia alipotaja kile kiti.

Mlango wa wodi hiyo haukuwa na komeo. Ulimwambia mkuu wa hospitali, ukarudia, mpaka wakakuita mlalamishi. "Waliowapiga hawa wanajua walipo," ulisema. Ukajibiwa kwamba subira huvuta heri.

Basi mchana mmoja mwanamume akaja kumfuata mkewe aliyekuwa amelazwa. Ulisimama mlangoni, maana hapakuwa na kitu kingine cha kumzuia. Alikusukuma, kichwa kikagonga ukuta. Mkewe hakuguswa, na yu hai mpaka leo.

Wewe ulifungwa bandeji ukaambiwa umalizie zamu. Wewe uliyewafundisha kwamba aliyeumizwa haulizwi kisa chake mbele za watu, ulihojiwa kwenye korido na wakubwa watatu, mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao akasema, "Kwani ulimjibu nini mpaka akapandwa na hasira?" Hakuna aliyekuambia hata "Keti." Hakuna aliyekupima kichwa. Kesho yake ulianguka na trei ya dawa mkononi, na hukuamka tena.

Wanaiita ajali kazini. Ajali gani hiyo, wifi, uliyoipigia kelele kabla haijatokea?

Juma lililopita walikuja wawili wenye suti, wakakaa kwenye kochi lako. Wodi itapewa jina lako, walisema, na picha yako kubwa itatundikwa. Sisi tukakate utepe leo, siku unayotimiza mwaka. Mama yako aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Komeo mmeweka?" Mmoja akaanza habari za bajeti. Mama akainuka, akawaletea viatu vyao.

Kwa hiyo leo hatuendi kukata utepe, na jina lako wasilibandike pale. Waweke komeo kwanza. Muuguzi akiumizwa, naye auguzwe. Wakishafanya hivyo, waje tuzungumze.

Tunaokukumbuka ni mama yako, mumeo fundi baiskeli, wanao wawili wanaobishana nani kafanana nawe zaidi, na mimi wifi yako. Kukukumbuka ni kwa daima. Kuwasamehe, bado.