Kikombe cha Yaya Kabwe

Alhamisi, jioni

Na hata sabuni haitoi hii harufu ya lutuku, pombe kali ya kwetu, kwenye mikono.

Asubuhi nilifundisha Misri ya zamani. Niliwaambia wanafunzi kwamba mungu mumoja wa kike alikuwa anaua watu, wakamutilia pombe nyekundu kama damu, akalewa, akawaacha. Ndiyo maana kila mwaka walilewa hekaluni. Musichana mumoja akauliza: "Mwalimu, kumbe pombe iliwaokoa?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Saa tisa tulikuwa kwenye kaburi ya yaya Kabwe, ndugu yangu mukubwa, kumaliza matanga. Baba mudogo akajaza kikombe cha lutuku, akanipa mimi nimumwagie, kwa sababu njo mimi ninamufuata kwa kuzaliwa.

"Papa, si hii njo ilimuua?"

"Njo ile alipenda. Unataka abakie na kiu?"

Jamaa yote iliniangalia. Nikamwaga. Udongo ukakunywa haraka, kama yeye.

Ndani ya kikombe kulibakia kidogo. Kwetu, mwenye kumwaga njo anamaliza. Tangu tumuzike nilikuwa sijagusa hata tone.

Nikamaliza. Kisha, mbele ya mama, nikanyoosha kikombe waniongezee.