Kila Lango na Kopo Lake

Mama Lusajo,

Salamu sileti, sijui huko zinapokelewaje. Nina hasira. Nimeona nikuambie wewe kwanza, maana kazi ilikuwa yako.

Makopo yako wameyaharibu.

Unakumbuka tulipofika huku Usangu, mimi kibarua wa mfereji wa mpunga, wewe na mbeta zako za ulanzi kutoka kwenu Iringa? Walikucheka. Mke wa kibarua anatundika mianzi ya pombe kwenye maji! Ukawaambia, "Chekeni. Mbeta ikijaa inainama. Ikiinama itagonga."

Ukatundika moja kila lango la maji. Maji yakipita alama ya hatari, yanachuruzika ndani ya mbeta, inajaa, inainama, inagonga. Mtu wa kukaa kulinda hakuna. Lango la kwanza inagonga kopo, la pili jembe bovu, la tatu chungu. Kila moja sauti yake. "Likilia, mguu uende wenyewe." Tawi jipya la mfereji halikupewa maji mpaka mbeta yake itundikwe. Na kila asubuhi ulipita na kibuyu, unatia maji kila mbeta, uone kama bado inagonga. Mimi nikanuna, nikasema unapoteza muda. Ukanijibu, "Mlinzi naye anaamshwa, baba Lusajo."

Ulipokufa, akaja nyapara mpya. Huyu anapenda kukaa. Akasema makopo yametapakaa kama vyombo vya msiba. Akaamuru yaondolewe, waya zivutwe kutoka mbeta za malango yote kumi na mawili, zifungwe kwenye debe moja mlangoni kwake. Asikie amekaa.

Sasa debe likilia, nani ajue ni lango lipi? Mbuzi akikanyaga waya, linalia. Upepo, linalia. Tunakimbia malango yote, hakuna kitu. Siku tatu tulikimbia. Siku ya nne hatukukimbia. Siku ya tano akashindilia gunia ndani ya debe, ale ugali wake kwa utulivu.

Mvua ikashuka kutoka milimani, mchana kweupe. Ukingo wa lango la tisa ukapasuka. Mpunga wa upande ule wote umelala kwenye tope. Na kitalu chako. Kile ulichopanda huku unakohoa.

Unajua nyapara alimwambia nini bwana shamba? "Makopo ya yule mwanamke yalitudanganya. Yatupwe."

Yalidanganya! Mama Lusajo, makopo yako! Nikaenda mbele ya watu wote, nikachomoa lile gunia. Nikavuta waya mmoja, debe likalia. Nikamuuliza, "Lango lipi hilo, bwana mkubwa?" Akatazama juu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Labda la mbinguni." Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Bwana shamba akasema rudisheni kama ilivyokuwa.

Lakini sikufichi. Waya zile nilivuta mimi. Niliambiwa shika, nikashika. Nilijua ni upuuzi, nikanyamaza, naogopa kufukuzwa. Wewe ungesema. Ungemsema mpaka akimbie. Hiyo si ya nyapara, ni yangu.

Nimerudisha yote. Kumi na moja nilimaliza jana. La tisa nimeliacha mpaka leo, maana mbeta yake ilikwenda na maji. Nimetundika ile yako ya mwisho, ile aliyoing'ata Lusajo akiota meno. Pembeni nimeweka sufuria yako ndogo. Nikatia maji. Ikajaa. Ikainama.

Imegonga, mama. Nilikaa chini pale pale ukingoni.

Nyapara bado ananuna, anasema naabudu makopo. Anune. Safari hii akiniambia shika waya, nitamuuliza wa nini, mbele ya watu, hata kama ni kufukuzwa.

Basi lala, mke wangu. Usiamke kwa ajili ya malango. Asubuhi napita, naanza na la kwanza. Kibuyu kiko kwangu.

Baba Lusajo